Rubani wa Usevya

Dada yangu macho yanakwisha. Daktari alishamwambia yatafunga kabisa, na badala ya kutaka kuona wajukuu, yeye anataka kuona muvi! Muvi ya marubani wa vita, tuliyoiangalia tukiwa wasichana, lilipokuja gari la sinema Mpanda. Baba alitutoa na fimbo kabla haijaisha. Sasa kila siku: "Eti mdogo wangu, yule kijana wa skafu nyeupe alipona?" Bibi kizee mzima, anaulizia vijana.

Nikaenda mjini kwa muuza muvi, yule suruali inamshuka matakoni. "Bibi, nipe jina la muvi. Staa nani?" Anaongelea puani kama redio. Nikamwambia, jina ningelijua ningekuja kwako, wewe? Kuna mbwa analala juu ya bawa la ndege, na rubani anamwambia mwenzie, "Nikifa, mpunga wangu wa Usevya avune shemeji." Akacheka mpaka akakohoa. "Bibi, Mzungu na mpunga wa Usevya yetu hii wapi na wapi?" Mjinga. Tulisikia wenyewe.

Nikamuuliza jirani, mwalimu mstaafu. Huyo hata kuku akitaga anatoa somo. Akavua miwani, akavaa tena. "Mama, filamu ile ilikuwa ya Kiingereza. Mliyemsikia ni mtafsiri mwenye kipaza sauti. Alikuwa anatunga."

Anatunga! Mtu Kiingereza hajui hata cha kuombea maji, na sisi tumebeba mpunga wake miaka yote hii.

Nikarudi kwa muuza muvi: achana na mpunga, tafuta mbwa. Akafungua nne, ndege zinanguruma kama mashine ya kukoboa. Ya tano haina rangi, na mbwa huyo, kalala juu ya bawa. Akanitilia kwenye flashi.

Dada akakaa pua inagusa tivii. Wazungu wakabwata wo-wo-wo. "Siyo hii," akasema. Mbishi tangu tumboni. Nikazima sauti, nikashika mwiko, nikaanza kama yule mtafsiri muongo: "Watazamaaaji! Rubani wa Usevya anapanda ndege, mvua hiyo, mpunga umeiva!"

Dada akapiga makofi. "Ndiyo yenyewe!" Ona mtu huyu.

Mwishoni ndege ikashika moto, ikaenda chini. Nikamtazama dada, huruma ikanishika, upuuzi mtupu. "Ametua salama!" nikapiga kelele. "Yuko kwake, anakula!"

"Muongo wewe. Huo moto nauona." Hata hakugeuka. "Nyamaza, niache nimwangalie anavyokufa."