Tanga la Turubai

Juzi niliona turubai la buluu limefunika maharage sokoni Kasulo, nikamkumbuka baba akimtembeza dada Leokadia ziwani. Alikuwa ametweka turubai kama lile kwenye mtumbwi, akalifunga kwa kamba ya mgomba, kama tunavyofunga mizigo ya kuni.

"Wewe baki na mama," aliniambia.

Nikabaki ufukweni na harufu ya samaki wa kubanikwa, nikiwasikia wakicheka. Mara turubai likawaangukia, likawafunika wote wawili, kicheko kikakoma. Nilidhani wamejenga kibanda chao bila mimi, nikalia kwa wivu.

Leo najua kamba ilikatika, mtumbwi ukabaki ukisukwasukwa na mawimbi. Dada husimulia kwamba humo ndani baba alimkumbatia, wakasali mpaka wavuvi walipowafikia.

Mimi baba hakuwahi kunikumbatia.