Angekuwa Hai, Angejaza Viwanja

Ndugu zangu, leo hapa Makumira kiambishi "nge" kimefanya kazi kuliko wapishi.

Tulimkumbuka marehemu Elirehema, kijana wetu aliyekuwa akirapu kwa Kimeru. Mshereheshaji nilikuwa mimi.

Kila mzungumzaji alimpandisha cheo.
Wa kwanza alisema angekuwa na kabati zima la tuzo.
Wa pili, angekuwa mbunge.
Mchungaji akamhamishia kwaya: angekuwa anaimba injili.
(Marehemu hakuulizwa.)

Kisha akasimama mtangazaji mmoja wa redio, amevaa miwani myeusi chini ya turubai.
"Angekuwa hai, angejaza viwanja Ulaya!"
Makofi.

Mama wa marehemu akaomba kipaza sauti, akamgeukia mtangazaji.

"Baba, wimbo wake wa mwisho alikuletea, ukamwambia Kimeru hakiuzi. Ninao hapa kwenye flashi. Naomba uupige redioni, niusikie kabla sijamfuata."

Mtangazaji akarekebisha miwani yake.

"Mama, shida ni ubora wa rekodi," akakohoa. "Angekuwa hai, tungemwambia aurudie."

"Angekuwa hai, baba, ungemwambia tena Kimeru hakiuzi."

Nilipaswa kutangaza chakula. Badala yake nikampa fundi wa spika ile flashi, na wimbo ukapigwa mpaka mwisho. Mama aliusikiliza amesimama.

Mtangazaji naye alisimama, akijirekodi kwa simu.

Redioni wimbo bado haujapigwa. Ila video ameshaichapisha, na juu yake ameandika: "Kipaji nilichokiibua mimi."

Ukurasa wake uko wazi, ndugu zangu. Nendeni mkamsalimie.