Dole la Masizi

Jirani yangu mpika injera, ile mikate myembamba ya Kihabeshi, hajui kusoma, lakini thubutu kumdanganya. Kila jioni bintiye, Meklit, husoma kwa sauti kando ya jiko, naye mama humimina rojo la unga wa tefu kwenye kikaango cha udongo, mkono ukizunguka kutoka ukingoni hadi katikati, jicho motoni, sikio kwa mtoto. Sauti ikififia tu, anajua. "Umeruka hapo, wewe! Rudi!" Wakimaliza, hupaka masizi dole gumba lake lenye makovu ya moto na kulikandamiza chini ya ukurasa wa daftari la mtoto, pale shule inapotaka mzazi atie sahihi kila siku.

Juzi, kwenye mkutano wa wazazi, mwalimu alilinyanyua daftari hilo mbele yetu sote. "Tazameni nyumba isiyojali masomo! Kila ukurasa uchafu!" Kisha akasifu daftari la mtoto wa tajiri mmoja, lenye sahihi safi za wino. Mimi ndiye bawabu wa shule ile, na kila Ijumaa namwona baba huyo langoni akisaini kurasa za wiki nzima juu ya usukani, bila hata kuzisoma. Masomo kamwachia mwalimu wa kukodi. Nikafungua mdomo, lakini mpika injera alikuwa ameshasimama, anajifuta mikono kwenye shuka lake kama vile yuko jikoni. Hakupaza sauti.

"Mwalimu wangu, uchafu huo ni dole langu. Hebu funua kurasa zote, uniambie ni siku gani halipo."