Wifi wa Malkia

Ukiingia saluni ile kwa mara ya kwanza ukauliza Profesa ni nani, utaonyeshwa mama mnene mwenye kichana mdomoni, aproni yenye madoa ya dawa ya nywele, na kitabu kikubwa kilichofunguliwa chini ya kioo, kimekandamizwa kwa chupa ya mafuta kisijifunge. Usicheke. Waliocheka mwanzoni ndio leo wanaowahi viti.

Jina la Profesa alipewa na wateja, na mwanzoni lilikuwa la kumtania. Alisuka nywele tangu usichana wake, akalea watoto, akawaona wakiondoka nyumbani mmoja mmoja. Siku kitinda mimba wake alipofunga begi kwenda kuanza kazi, mama huyu hakukaa kitako kulia. Alivaa gauni lake la kutokea, akaenda chuoni kujiandikisha, maana tangu utoto alitaka kuwa mwalimu wa historia na hakuona kwa nini asiwe. Karani akamuuliza, kwa heshima zote, kama amekuja kwa ajili ya mwanawe.

"Mwanangu ana kazi yake," akajibu. "Niandikishe mimi. Na kama viti mnagawa, nipe cha mbele."

Somo lililomteka kuliko yote lilikuwa historia ya ustaarabu wa Magharibi katika zama za kisasa. Wenzake darasani, vijana wenye simu kubwa na usingizi mwingi, waliliogopa. Wafalme wana jina moja na wanatofautishwa kwa namba, vita vya dini haviishi, na ukidhani umemaliza mapinduzi unakuta mengine ukurasa wa pili. Yeye aliliona kama ukoo wowote mkubwa wenye matatizo.

"Hawa ni watu tu," aliwaambia vijana. "Wanaoana, wanagombania mirathi, wananuniana. Shida yao ni kwamba wakinuniana wanaita majeshi."

Alikuwa na namna yake ya kusoma, na kwa namna hiyo sijapata kuona mtu wa kumshinda. Asubuhi anasoma sura moja, halafu mchana kutwa anaisimulia. Mteja umeshamshika kichwa, ataenda wapi? Akisahau kitu anachungulia kitabuni huku anapaka mafuta, akikumbuka anaendelea. Wanawake waliingia pale kusuka mistari wakatoka wamesukwa, tena wanajua mashine ya mvuke ilivyowatoa watu mashambani. Muuza vitambaa wa jirani alikuwa hawezi kulala bila kujua yule mtawa aliyebishana na Papa aliishia wapi. Profesa alichangamka kuliko wote. Kusema kweli alikuwa amejipenda, na mimi simlaumu.

Kiti cha pili kilikuwa cha wifi yake, mdogo wa mumewe. Huyu alikuwa kinyume chake kwa kila kitu: mwembamba, mkimya, mkono mwepesi, mistari yake midogo na iliyonyooka mpaka unajiuliza anaipimaje. Profesa akienda darasani, wifi alishika viti vyote viwili. Hawakuandikishana wala hawakukaa kikao. Siku ya kwanza ya chuo wifi alisema tu, "Wewe nenda, mimi nipo," na mwaka mzima ukapita hivyo, yeye akirudi nyumbani na vidole vimevimba.

Basi mambo yakafika Ufaransa. Mapinduzi ya Ufaransa ndiyo yaliyoijaza saluni mpaka mlangoni. Mkate umepanda bei, hazina imekauka, wanawake wa sokoni wanatembea kwa miguu mpaka ikulu kudai unga. Na juu ya hayo kuna malkia, mke wa kuletwa kutoka nchi nyingine, ambaye mji mzima unamsema. Amefuja hazina, ana mambo yake, anawadharau wenyeji. Mengi ya maneno hayo, Profesa akaeleza, yalikuwa ya uongo.

"Subiri kwanza," akasema Mama Pacha, mteja wa kila wiki na mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara. "Maneno ya ndani ya ikulu yalitokaje nje? Lazima kuna mtu aliyekuwa anayabeba."

"Kitabu hakisemi."

"Kitabu kimeandikwa na mwanamume. Mfalme alikuwa na dada?"

"Alikuwa naye."

"Si ndiyo huyo!" Mama Pacha akapiga makofi. "Wifi mtu. Tena alikuwa anajifanya kumpenda."

Saluni ikalipuka kwa kicheko. Profesa naye akacheka, na hapo ndipo alipokosea, maana hakukanusha. Siku iliyofuata wateja walimuulizia wifi wa malkia kabla ya kumuulizia malkia mwenyewe. Profesa akatia chumvi kidogo: wifi huyo alikuwa na macho makali. Mwingine akaongeza kwamba alikuwa anasikiliza milangoni. Wiki ikaisha wifi ana mwendo wake, ana kicheko chake, ana mpishi jikoni anayempelekea umbeya sokoni. Waliunogesha uongo ule mpaka ukawa na ladha kuliko ukweli.

Kosa hili halingempata kijana yeyote wa darasani kwake, kwa sababu wao wanasoma kimyakimya. Profesa aliyakumbuka mambo kwa sauti za watu. Alipokaa kuandika insha ya mwisho ya somo lile, kuhusu uvumi uliomchafua malkia, kalamu ilimwendea kama maji. Aliandika juu ya bei ya mkate, akaandika juu ya vijarida vya matusi, na katikati, bila hata kusita, akamwandika wifi, macho makali na yote. Hakuwa anadanganya. Alikuwa na hakika kabisa amemsoma mahali.

Mhadhiri alikuwa dada mdogo kwa umri, mpole, asiyependa mchezo na kazi. Alimwita ofisini kwake, chumba chenye meza moja na viti vilivyojaa vitabu, akamrudishia insha. Pembeni mwa aya ya wifi alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu: Umejuaje?

Profesa akaisoma aya ile upya. Kichwani alimsikia Mama Pacha akipiga makofi.

"Mama," mhadhiri akasema, "insha yako ndiyo nzuri kuliko zote kwa kuisoma. Lakini huyu mtu umemtoa wapi? Historia si kusema kilichopendeza. Siwezi kukupitisha na aya hii."

"Nikiifuta?"

"Kufuta ni rahisi. Ijumaa asubuhi njoo uitetee mbele ya wenzako. Uniambie kwa nini uliandika ulivyoandika, na ukweli ni upi. Ukishindwa, somo hili unalirudia mwakani, na bila somo hili huendelei na ualimu."

Kurudia mwaka, kwa umri wake, ilikuwa sawa na kuambiwa aache. Profesa alijua hivyo. Alitembea kurudi saluni akijipa moyo, na kwa kuwa yeye akiumia huwa anatania, aliingia anacheka.

"Jamani, wifi ameniponza! Yule mchawi wa ikulu amenifelisha!"

Wateja wakavunjika mbavu. "Wifi ni wifi tu," akasema Mama Pacha, kichwa nusu kimesukwa. "Hata awe wa kifalme, hana jema."

Wifi aliyekuwa anamsuka aliweka kichana mezani. Hakukitupa. Alikiweka taratibu, akafuta mafuta mikononi.

"Ijumaa sipo," akasema.

Ijumaa ndiyo siku saluni inapofurika, na mtu akikuta kiti kitupu anahamia kwa jirani. Profesa alimfuata uani, kwenye beseni za kuoshea taulo.

"Wifi, Ijumaa ndiyo siku yangu ya mwisho ya kujitetea."

"Najua."

"Basi kuna nini? Kama nimekukosea niambie."

"Mwezi mzima nasikiliza jinsi wifi alivyo nyoka," akasema yule mkimya, macho kwenye taulo. "Nasuka, nasikiliza. Nilijua kuna siku utawaambia, jamani, wapo wazuri pia. Hukusema. Si ni stori tu, nikajiambia. Lakini leo umefeli, na aliyekufelisha ni wifi tena. Mimi nimechoka, wifi. Tafuta mwingine wa kushika kiti."

Profesa aliona aibu mpaka masikio yakamwaka.

Kesho yake hakufungua saluni mapema. Alikwenda maktaba ya chuo, akamwomba mkutubi kila kilichokuwepo juu ya ikulu ile, akakaa pembeni ya dirisha kumtafuta dada wa mfalme. Alimtafuta kwa hasira, kama mtu anayemtafuta aliyemwibia. Alimpata katika kitabu cha tatu, akasoma, akarudia, akavua miwani akaifuta, akasoma tena.

Alipofika saluni wote walikuwepo. Wifi naye alikuwepo, mgongo amempa, anasuka. Profesa hakuvaa aproni.

"Nisikilizeni. Yule wifi tulimzulia."

"Ah, usituharibie," akalalamika Mama Pacha.

"Tulimzulia, na mimi ndiye wa kwanza, kwa sababu mwanzoni nilijua na nikanyamaza. Dada wa mfalme alikuwepo kweli. Mambo yalipochafuka, shangazi zake walikimbilia nchi nyingine wakamtaka aende nao. Njia ilikuwa wazi. Akakataa. Alikaa na kaka yake na wifi yake. Walipofungwa mnarani, alifungwa nao. Mfalme akauawa, yeye yupo. Malkia akachukuliwa akauawa, na binti wa malkia akabaki mle ndani na nani? Na shangazi yake huyo. Mwaka uliofuata wakamchukua na yeye, wakamkata kichwa."

Kikaushio cha nywele kilikuwa kinanguruma peke yake mpaka mtu akakizima.

"Sasa," Mama Pacha akasema, kwa sauti ambayo hakuna aliyejua anayo, "si tumemtukana maiti wa watu."

"Tumemtukana. Na aliye hai pia tumemtukana, humu humu ndani, huku akitusuka." Profesa akageuka. "Wifi, nisamehe. Sikuombi Ijumaa. Ijumaa nitajua mwenyewe. Nakuomba radhi tu."

Wifi aliendelea na mstari aliokuwa nao mpaka ukaisha, akaufunga kwa uzi. Mchana ule alifanya kazi yake, akaaga, akaondoka.

Ijumaa Profesa alifika saluni kufungua mlango, akiwa ameshapiga moyo konde kwamba atawaambia wateja leo hakuna kazi na hasara ataibeba. Akakuta mlango uko wazi, viti vyote viwili vina watu, na wifi amesimama katikati.

"Unachelewa," wifi akamwambia. "Na ukifika huko, anza na yeye."

Akaanza naye. Alisimama mbele ya vijana wenye simu kubwa akasimulia kama anavyojua, ila safari hii kila alichosema alikitajia kitabu na ukurasa. Walisikiliza mpaka simu zikalala mezani. Mhadhiri akauliza kwa nini insha ya kwanza ilisema kinyume.

"Kwa sababu tulitaka wa kumlaumu, mwalimu, na tukamchukua wa karibu," Profesa akajibu, sauti imetulia. "Nadhani watu wa mji ule walimfanyia malkia hivyo hivyo. Mkate ulipanda, wakatazama nani mgeni nyumbani. Lakini hilo la mwisho ni wazo langu, sina ukurasa wake."

Mhadhiri akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze. "Swali la mwisho, mama. Aliweza kukimbia. Kwa nini alibaki?"

Jibu zuri lilimjia mdomoni, tamu, lililokamilika. Akalimeza.

"Sijui. Nimesoma kwamba alikuwa mcha Mungu na alimpenda kaka yake, lakini kilichokuwa moyoni mwake sikijui. Ninaye mmoja kazini kwangu, mwaka mzima amebaki, na hata huyo sijawahi kumuuliza."

Alipita. Hakusubiri kupongezwa, alishika begi akarudi moja kwa moja, jasho likimtoka kwenye gauni la kutokea. Saluni ilikuwa imefurika. Wifi alikuwa amekishika kichwa cha Mama Pacha, vidole vimeshaanza kuvimba.

"Nimepita," Profesa akasema. "Lakini niambie, wifi. Mwaka mzima huu. Kwa nini?"

Wifi alitazama kioo, akamtazama Profesa humo humo kiooni.

"Mimi nilipoachishwa shule, hakuna aliyeshika kazi zangu za nyumbani ili niende," akasema. "Haya, vaa aproni. Huyu hapa amebakiza upande mmoja."