Kizibo cha Boti ya Polisi

Aibu hii nimeificha hata kwa mke wangu, lakini leo mmezidi kunisifu eti nilikuwa polisi shupavu, basi sikilizeni ushupavu wenyewe.

Miaka ile ya Ujamaa nilikuwa konstebo Singida mjini, kazi yangu kulinda geti, jua langu na vumbi langu. Ikaletwa boti ya doria kwa ajili ya Ziwa Singidani, pale pembeni ya mji, sajenti akatupanga mstari akauliza nani amewahi kufanya kazi ya boti, hakuna aliyejitokeza (watu wa bara sisi, tunajua nini zaidi ya ng'ombe?), mara mkono wangu ukapanda wenyewe.

"Mimi, afande! Mwanza!"

"Ukinidanganya, ndugu," akasema sajenti, "nakupeleka Rungwa ukalinde mizinga ya nyuki."

Rungwa! Porini kabisa, na mimi nyuki nawaogopa kuliko majambazi.

Injini nilijifunza kwa kubahatisha, na wiki mbili nzima nikatembea mjini kifua mbele. Kisha akaja mkubwa kutoka makao makuu kukagua. Asubuhi hiyo nikaiosha boti kwa sabuni huku inaelea ukingoni, maji machafu yakabaki ndani, nikainua mbao za sakafu nikaona kizibo. Kwetu Ulemo ukishaosha hori la ng'ombe unachomoa kizibo, maji yanatoka, kazi imekwisha. Nami nikachomoa, nikakitia mfukoni kisipotee, nikarudisha mbao, mara mkubwa huyo amefika, saluti, tukaondoka.

Hatujafika mbali viatu vyake vikalowa.

"Konstebo, haya maji ni ya kawaida?"

"Ndiyo, afande, yanapoza injini." (Mungu anisamehe.)

Yakafika magotini, injini ikakohoa ikazimika, boti ikazama taratibu chini yetu, na mimi nikamng'ang'ania mkubwa shingoni, namwita mama yangu kwa Kinyiramba, kofia yake inaelea kuelekea kwa wale ndege heroe, mpaka bibi mmoja aliyekuwa akichunga ukingoni akapaza sauti: "Simama, mwanangu! Hapo ndama wangu wanapita!"

Nikasimama. Maji ya kiunoni! Nikasema, "Shikamoo, bibi," na watu wote waliokuwa ukingoni wakaangua kicheko.

Mkubwa hakucheka.

"Kizibo kiko wapi?"

Nikakitoa mfukoni.

"Na huko Mwanza, kwenye boti ulikuwa nani?"

"Abiria, afande."

Sajenti alinipa barua ya uhamisho akiwa amegeukia ukuta, mabega yanamtikisika kwa kicheko. Nilipofika Rungwa, mkuu wa kituo akatupanga mstari, akauliza nani anajua kurina asali. Nawaambia kweli, mkono ulianza kupanda. Nikaukamata kwa ule mwingine, nikaushusha.

"Mimi sijui, afande," nikasema kabla hajaniuliza. "Nifundishwe."