Nisindikizeni Mpaka kwa Balozi

Mimi sijawahi kuwa mtu wa kutulia. Makaoni walisema nina siafu miguuni, na walisema kweli. Zamu yangu ya kuondoka ilipokaribia, hata kula nilikula nimesimama, sahani mkononi, macho kwenye lango. Usingizi nao ulinikimbia. Nilikuwa najua kushona, umri ulikuwa umefika, na kijiji kimoja nje ya Masumbwe kilikuwa kinatafuta fundi cherehani. Kwa mtu mwingine hiyo ingekuwa habari njema. Kwangu ilikuwa kama kuambiwa ruka, bila kuonyeshwa pa kutua.

Makao yetu ya watoto yalikuwa nje kidogo ya mji wa Shinyanga, upande wa barabara ya Kolandoto: mabweni mawili, tangi la maji, na uzio wa minyaa uliotuacha na madoa ya utomvu kwenye nguo. Sheria yake ilikuwa fupi. Ukishajua kazi ya mikono na ukishakuwa mtu mzima, unaondoka. Kitanda chako anapewa mwingine siku hiyohiyo, na ukishatoka umetoka. Makao hayakufuati, nawe huyarudii ila kusalimia tu.

Aliyeisimamia sheria hiyo ni Mama Mlezi. Alikuwa mwanamke mrefu, mkali, mwenye sauti ya kukusimamisha ukiwa upande wa pili wa uwanja. Hakuwa na mtoto. Kwetu mwanamke mzima huitwa kwa jina la mtoto wake, kwa hiyo watu wa sokoni walipomsalimu walikwama katikati, wakitafuta neno, mwisho wakamwita Mama wa Makao, kana kwamba alizaa tangi na minyaa. Yeye aliitikia hivyohivyo. Mimi nilimwogopa, na wakati mwingine nilimchukia, kwa sababu sikuwahi kumwona akimtazama mtu anayeondoka. Siku ya mtu kuondoka alikuwa na kazi stoo.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, miaka ile ya uhaba, sabuni inatafutwa kama dawa na blanketi ukiliona dukani unadhani unaota. Kamati ya Makao ikapata wazo jipya, nadhani kutoka kwa bwana ustawi wa jamii: kabla ya kupanga msaada kwa vijana wanaoondoka, waulizwe vijana wenyewe. Mwenyekiti wa kamati alikuwa mfanyabiashara wa mjini, mzee wa Kiislamu, mcheshi, kofia yake nyeupe haikuwahi kupata vumbi katika mji ambao kila kitu kina vumbi. Alilipenda sana wazo hilo. Tukaitwa wawili, mimi na kijana mmoja fundi seremala ambaye angetangulia kuondoka.

Tulikalishwa barazani kwenye viti vya wakubwa, tukapewa chai na maandazi. Mbele yetu walikaa wanakamati, na pembeni Mama Mlezi, mikono mapajani. Mwenyekiti akatuambia tuseme bila woga tunahitaji nini huko tuendako. Mtu akila kwako, ukamuuliza mbele ya mpishi kama chumvi imekolea, atakujibu nini? Sisi tulikuwa tumekula mikononi mwa watu wale tangu hatujaota meno. Fundi seremala aliinamisha kichwa, akasema labda sufuria. Mimi nikasema labda blanketi. Mwenyekiti akafurahi, akaongeza jembe na taa ya chemli, mwingine akaongeza bakuli, na mkutano ukaisha kwa sala ya pande zote mbili, ya Kiislamu na ya Kikristo. Kumbe tulikuwa tumeshirikishwa.

Basi fundi seremala akaondoka na sanduku la bati, jipya, la kijani, ndani yake kila kitu kipya. Mwenyekiti alikuwa amehangaika sana kuvipata vitu vile. Kijana alipelekwa mpaka langoni. Wakati huo Mama Mlezi alikuwa stoo. Akajitwika sanduku lake akaenda kupanda basi la Kahama, na kutoka Kahama akaingia kijiji alichopangiwa, peke yake, mchana, sanduku linang'aa kichwani.

Alirudi baada ya majuma machache bila sanduku. Nilikuwa wa kwanza kumwona kwa sababu nilikuwa langoni, nilikuwa langoni kila wakati siku hizo. Alinieleza huku akicheka, lakini hakikuwa kicheko. Alipofika kijijini alikwenda kwa balozi wa nyumba kumi kama inavyotakiwa. Balozi akamsalimu vizuri, kisha akamuuliza swali ambalo kila Msukuma humuuliza mgeni: "Wewe ni ng'wana nani?" Yaani mtoto wa nani. Hakuwa na jibu. Akaulizwa ameletwa na nani. Akasema amejileta. Ndipo wakafungua sanduku. Katika miaka ambayo mwenye nyumba mwenyewe alilalia gunia, kijana asiye na baba, asiye na shangazi, anaingia na blanketi jipya, sufuria mpya na taa ambayo haijawahi kuwashwa. Wangemdhania nini kama si mlanguzi, au mwizi? Sungusungu, walinzi wa kijiji, wakalichukua sanduku, wakalifungia. Hawakumpiga. Walisema tu, kwa upole wa kuudhi: aje mzazi wako aseme ni lako, utapewa, na kiwanja utapewa.

Kwa hiyo alikuja kumwomba Mama Mlezi aende naye. Ilikuwa safari ya kwenda na kurudi tu. Mama Mlezi alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni pa jiko. Akamwambia sheria anaijua, akianza kumfuata mmoja itabidi awafuate wote, na kamati haijamruhusu. Akampakulia ugali na mlenda, nyama akamwekea nyingi kuliko kawaida. Fundi seremala akala, akanawa, akashukuru. Nilimtoa mpaka barabarani, jambo ambalo hatukuruhusiwa. Aliniambia anakwenda upande wa Geita, kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu, kwa sababu kule hakuna anayekuuliza wewe ni mtoto wa nani, wanakuuliza tu kama unaweza kushuka. Nilirudi ndani nikaipiga teke ndoo ya maji mpaka ikabonyea, na nikafurahi kuibonyeza.

Nilitaka kulia, nikashindwa kulia, nikawa nazunguka. Usiku nilihesabu watu wote niliowajua duniani nikitafuta mmoja tu wa kusema mimi ni wake. Asubuhi nilishona mifuko ya suruali ikaja juu chini. Wenzangu walinitania kwamba Masumbwe watapata fundi wa kuwaning'inizia mifuko magotini.

Kamati ikakutana tena, safari hii kwa ajili yangu. Chai ileile, viti vilevile. Sanduku langu lilikuwa tayari, jekundu, juu ya meza, nalo lilikuwa zuri, sitasema uongo. Mwenyekiti akaniuliza kwa utani kama kuna kilichosahaulika, labda kioo, maana wasichana na vioo. Wote wakacheka. Mimi nilisimama.

"Sanduku silitaki," nilisema. "Nisindikizeni."

Mwenyekiti akasema kwa upole kwamba bila shaka, stendi nitapelekwa, hata na baiskeli ya dukani kwake.

"Si stendi, baba. Mpaka kwa balozi. Mtu akae pale aseme mimi ni wa kwake. Na akishaondoka, siku moja arudi kuniulizia, wamwone."

Sikuweza tena kujizuia. Niliwaambia habari za fundi seremala, sanduku lake lilivyomfanya mwizi, na kwamba wangemtuma na nguo iliyochakaa lakini ubavuni pana mtu mzima, leo angekuwa anaranda mbao. Niliwaambia mgeni akija kula kwetu mchana mmoja tunamsindikiza mpaka njia panda, bibi harusi anasindikizwa na ukoo mzima, hata maiti anasindikizwa, sisi tu ndio tunaoishia kwenye minyaa. Nilisema pia kwamba wakitaka kutuuliza tena, watutume sisi wenyewe tukaulizane, wao wakiwa mbali, kwa sababu mbele yao tutasema sufuria mpaka mwisho wa dunia. Sauti yangu ilikuwa imepanda. Hakuna mtoto wa Makao aliyewahi kuzungumza hivyo na watu wazima, na nilijua kwamba wakisema hapana, nitaondoka hivyohivyo, kitanda changu kilishaahidiwa mtu.

Mwenyekiti alivua kofia yake. Alikuwa na upara ambao sikuwahi kuuona. Alisema kwamba alipomwoza binti yake alijaza lori zima la watu wa kumsindikiza, na nusu yao hakuwajua. Kisha akauliza, bila kumtazama mtu, ni nani atakayekwenda Masumbwe. Wanakamati wakaanza kuzitazama chai zao. Mmoja akakumbuka pamba yake shambani.

Mama Mlezi alikuwa amekaa pembeni, kama siku ile ya kwanza. Akauliza kama basi la alfajiri la Kahama bado linasimama kwa Mhindi au limehamia sokoni. Ndivyo alivyokubali.

Tulisafiri kwa basi mpaka Kahama, tukapita Nyahanga vumbi likiwa limetubadilisha rangi, kisha lori la mbao mpaka Masumbwe. Mama Mlezi alishika kikapu chenye kuku mmoja na chumvi, mimi nilishika mkasi wangu. Sanduku jekundu tuliliacha. Kila lori lilipopunguza mwendo moyo wangu ulitaka kuruka chini urudi kwa miguu.

Balozi alikuwa Msumbwa, mzee mwembamba anayetafuna kijiti. Nilipiga goti nikamwamkia, akaitikia marahaba, akatukaribisha vigodani. Akanitazama, akauliza swali lilelile. Nilikuwa nimeliota swali hilo mara nyingi mno, nikamgeukia Mama Mlezi.

"Ni wangu," alisema. "Mimi ndiye niliyemlea. Akikosea mniite, akiumwa mniite. Baada ya mavuno nitakuja kumtazama."

Akataja jina la baba yake, na la babu yake, na mahali walipozaliwa, mambo ambayo miaka yote ile sikuwahi kuyasikia. Balozi akaitikia kila jina kwa kichwa. Halafu mke wa balozi akaniuliza naitwa nani, nikamwambia, naye akageuka na kibuyu cha maji ya kunawa, akamwita Mama, akaweka jina langu nyuma yake, akamkaribisha chakula. Nilisubiri asahihishwe. Mama Mlezi alikaa akiitazama mikono yake kwa muda. Kisha akaitanguliza ikamwagiwa maji, akasema asante.

Tulilala hapo. Asubuhi mke wa balozi aliniambia mgeni wangu anaondoka, mbona nimekaa? Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa mwenyeji. Nikachukua kikapu, nikamsindikiza Mama mpaka barabara kuu, na siku hiyo miguu yangu haikuwa na haraka hata kidogo.

Tulisimama chini ya jua. Lori la Kahama likaja, likapunguza mwendo. Nikalipungia. Yeye akaushusha mkono wangu, lori likapita.

"Mama, Kahama ni upande huo," nilisema.

"Najua." Alikuwa akitazama upande mwingine, njia ya kwenda machimboni. "Kumfuata yule ilikuwa safari ya kwenda na kurudi tu," alisema. "Ya kwenda na kurudi tu, nami nikampa nyama."

Nilimkasirikia na nilimwonea huruma, vyote kwa pamoja, nikabaki nimeshika kikapu. Lori la kwenda upande wa Geita lilipokuja, alilisimamisha mwenyewe kwa sauti yake ile. Utingo akamwangalia, mwanamke mtu mzima mwenye gauni la kanisani, akamuuliza anamfuata nani huko kwenye maduara.

"Mwanangu," alisema, akanipokonya kikapu, akapanda kutafuta nafasi juu ya magunia.