Wanangu Hufuta Midomo Kabla ya Kuingia Nyumbani

Barua hii imetoka kwa msomaji wa Ugogo. Ameomba tumfichie jina, nasi tumelificha pamoja na la kijiji chake. Maneno ni yake mwenyewe.

Mimi ni mwanamke wa miaka kama thelathini na mitatu. Nasema kama, kwa sababu nilizaliwa wakati wa njaa na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kuhesabu. Naishi kijijini upande wa Nzuguni, na kusoma nilijifunza misheni. Nina watoto watatu. Mume wangu ana mke wa pili, tunakaa tembe moja, yeye upande wake na mimi wangu, na mama mkwe wetu katikati. Sina ugomvi na mke mwenzangu. Afadhali ningekuwa nao.

Tangu niolewe mimi ni mtu wa akiba, mpaka mawifi wakanipa jina la sisimizi. Mlenda ukiwa mwingi naukausha, majani ya kunde naanika juu ya paa, mbegu nazitundika juu ya meko zipigwe moshi. Bwana Shamba alipokuja barazani kuhimiza kila nyumba ipande mihogo ya njaa, wanaume walicheka wakasema mhogo si chakula, ni kuni. Mimi nilipanda. Mbuzi wa jirani waliila yote kiangazi, lakini nilipanda.

Uwele wangu niliuweka kwenye kilindo cha magome, nikakiziba kwa mavi ya ng'ombe na majivu. Kwetu kilindo alichokiziba mwanamke hakifunguliwi na mtu mwingine, hata mumewe. Lakini mwaka jana mpwa wa mume wangu alitoka jando, na mvua zilikuwa zimekuwa haba, nafaka ya pombe ikakosekana. Nilikwenda kisimani. Niliporudi nilikuta kilindo kimepasuliwa na uwele wangu umelowekwa.

Nikamuuliza mume wangu, "Baba watoto, tutakula nini?"

Akanijibu mbele ya wageni, "Unataka waseme nyumba yangu inaficha chakula? Huku anayeficha chakula anaitwa mchawi. Mungu ataleta mvua."

Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wageni walikuja, wakanywa, wakacheza ngoma hadi vumbi likajaa vyunguni. Nilingoja nilie, machozi hayakuja. Nilichota maji nikawapa wanangu, basi.

Mvua haikuja. Mume wangu aliswaga mbuzi hadi Mlali kuhemea chakula, akarudi na debe moja la mtama. Dada zake walisikia, wakaja na watoto wao, na huwezi kumfukuza wifi aliyekuja na njaa. Debe halikumaliza hata wiki. Siku hizi kijiji kimekuwa kimya asubuhi, maana mawe ya kusagia hayalii. Jiwe likilia kwako, kila mtu anajua una nafaka.

Sasa nifike kwenye jambo langu. Mume wangu hajui kwamba nina uwele mwingine. Niliuzika ndani ya mitungi chini ya kibanda changu cha shamba, tangu mavuno yale, kabla ya jando. Siusagi. Nawachukua wanangu kama tunakwenda kuokota kuni, nauchemsha hivyo hivyo punje nzima, kila mtoto konzi moja. Nimewafundisha kunyamaza. Wakikaribia nyumbani hufuta midomo wenyewe, hata yule mdogo, na siku hizi sihitaji kuwakumbusha.

Majuzi nilimwamkia mama mkwe, "Shikamoo mama." Macho yake hayaoni tena. Alikuwa amempakata mwanangu mdogo. Akaitikia, kisha akasema taratibu, "Mkwe wangu, mtoto huyu ananuka uwele."

Nikamchukua mtoto kutoka mapajani pake.

"Mimi usinipe," akasema. "Mimi nimeshakula dunia. Lakini yule wa mwenzio miguu yake imevimba. Nimeishika."

Hakusema zaidi, na mpaka leo hajamwambia mwanawe. Mtoto anayemsema ni wa mke mwenzangu, wa kike, alikuwa ameanza kutembea na sasa ameacha. Mama yake akimbeba kupita mlangoni kwangu hunisalimu kama kawaida, "Umeamkaje, dada?" Namjibu nimeamka salama. Ningependa nisikie kitu moyoni ninapomjibu, huruma au hata aibu. Sisikii kitu.

Mitungi iliyobaki, nikiipima kwa konzi, itawafikisha wanangu mpaka mboga za kwanza zichipue, mvua ikija. Nikimpa yule mtoto, mama yake atajua siku hiyo hiyo, na mama hawezi kukaa na habari ya chakula asimwambie mumewe. Mume wangu akijua, ataileta mitungi yote nyumbani, na mawifi wapo, na jirani wapo, na kila mmoja ana haki ya kunyoosha mkono. Itaisha kama debe lilivyoisha. Hapo nitakuwa nimemlisha mtoto wa mwenzangu siku chache, na wangu watavimba miguu pamoja naye. Akiba haiozi, tunaambiwa. Hatuambiwi inalisha wa nani.

Nyinyi mnaosoma ni wengi na mko mbali, hamnijui, kwa hiyo niambieni bila kunionea haya. Nifukue mitungi au niiache? Najua barua hii itapanda treni, na gazeti likishuka hapa Dodoma litapita mikono mingi kabla ya kunifikia. Mtakapokuwa mmenijibu, nitakuwa nimeshafanya moja kati ya hayo mawili. Nijibuni hata hivyo. Leo asubuhi yule mtoto hakulia.